Pedi ya Wino Iliyokunywa Mbege

Nimekuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo huku Kilema kwa miaka saba. Mali ya jumuiya ni daftari, sufuria mbili, rozari kubwa ya ukutani na muhuri, na katika hizo zote ni muhuri peke yake ninaolala nao chumba kimoja. Nauza mitumba mjini Moshi. Najua vitu vidogo vyenye nguvu vinavyoota miguu.

Nautunza vizuri. Nikishautumia, naufuta kwa maji ya sabuni, nachokonoa herufi kwa mswaki wa zamani, kisha naukausha kivulini. Petroli haiugusi, maana mpira unavimba. Pedi ya wino naifunika, najaribu kifuniko, najaribu tena, halafu naiweka kifudifudi ili wino usizame chini.

Kwa hiyo sijui nijitetee vipi kuhusu Jumamosi ile.

Binti wa kihamba cha jirani, shamba la migomba linalopakana na letu, alifika asubuhi, yeye na bibi yake mzaa baba, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mama Katibu. Mwenyekiti ameshasaini. Bado muhuri tu."

Parokiani kwetu ndoa haitangazwi bila barua ya jumuiya yenye muhuri, na Jumamosi ofisi inafungwa saa sita. Tangazo husomwa Jumapili tatu mfululizo. Mchumba wake alikuja likizo kutoka Dar, na kabla ya kurudi kazini alikuwa amebakiwa na Jumapili tatu. Nilizihesabu kwenye kalenda, nikazihesabu tena kuanzia nyuma. Tatu. Ikipotea ya kesho, harusi nayo imepotea mpaka likizo ya mwakani.

Nikafunua pedi. Imekauka kama chapati ya juzi.

Nikakumbuka. Wiki iliyopita niligonga muhuri barua za watoto wa kipaimara pale uani, juani. Barua nilizihesabu mara mbili. Kifuniko sikukihesabu hata mara moja.

Nikagonga kwenye gazeti: hakuna kitu. Nikaupumulia mpira kama anayesafisha miwani: kikatoka kivuli cha msalaba. Nikatia maji, wino ukawa kama juisi iliyoongezwa maji baada ya wageni kuzidi.

"Nikimbie mjini kununua wino?" binti akauliza, machozi yamefika mlangoni.

"Mpaka ushuke na upande, ofisi imeshafungwa."

Bibi alikuwa akiikagua ile pedi kama mtu anayechagua ndizi. "Mae," akaniita mama kwa Kichaga, "mbege unayo?"

"Bibi! Saa nne asubuhi?"

"Si ya kunywa. Basi ya kunywa nayo lete, lakini kwanza ya kazi. Umewahi kuitoa mbege kwenye shati jeupe?"

Hapo alinishika pabaya. Nimewahi kushusha bei ya shati zima kwa doa moja la mbege.

Niliichuja pombe hiyo ya ndizi kwa kitambaa mara mbili, maana chenga za ulezi zingejaa kwenye herufi. Nikadondosha matone sita. Bibi akaongeza la saba bila kuniuliza. Tukasubiri saa nzima pedi inywe, nikakandamiza muhuri, nikaugonga kwenye barua.

Mungu wangu! Zambarau iliyoiva, msalaba umesimama, kila herufi mahali pake, na pembeni kiduara cha kahawia kama pambo. Binti akaruka. Bibi akapiga vigelegele, na huko ng'ambo ya migomba jirani akaitikia vigelegele bila kujua ni vya nini.

Tukapanda pikipiki mshikaki, bibi katikati. Ofisini, Sista aliipokea barua, akaisoma, kisha akaisogeza puani.

"Mama Katibu, hii imetoka jumuiya au kilabuni?"

"Jumuiya, Sista. Imepitia jikoni tu."

"Inanuka."

"Tuelewane, Sista. Saini ipo? Tarehe ipo? Muhuri unasomeka? Harufu haimo kwenye masharti. Itangazwe kesho, Jumatatu nakuletea nyingine yenye wino wa dukani."

Sista alikuwa bado anapima ofa yangu wakati Paroko alipotokea mlangoni. Mzaliwa wa Mwika yule, huku huku Uchagani. Pua yake haikuhitaji maelezo.

"Mbege ya nani hii?"

"Yangu, Baba."

"Nzuri." Akaishika barua kwenye mwanga. "Kwetu wazee hawasikilizi posa kabla ya mbege kufika. Hii imefika na barua yake. Sista, gonga wa parokia."

Zilibaki dakika kumi saa sita itimie. Niliangalia saa ya ukutani, kisha ya Sista.

Jumapili nikabeba pedi kwenye pochi, imefungwa barabara, nikitaka kuinunulia wino mjini baada ya misa. Kanisa lilijaa, joto likapanda. Paroko akafungua karatasi: "Kwa mara ya kwanza..." akasoma majina ya maharusi.

Po!

Mbege ilikuwa imechachuka humo ndani ya pedi. Kifuniko kikaruka ndani ya pochi, na povu la zambarau likatambaa mpaka kwenye kanga ya bibi aliyekaa kando yangu. Benchi la mbele, mabega ya binti yakaanza kutikisika kwa kicheko. Paroko akatazama upande wangu, akaikunja midomo yake kwa nguvu.

"Kwa mara ya kwanza," akaanza upya, na majina yote akayarudia.

Nikamnong'oneza bibi: "Tangazo limesomwa mara mbili. Tuombe wapunguze Jumapili moja."

"Nyamaza, mae," akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Futa kanga yangu."

Sikuifuta. Wino ule hautoki.