Kabla Mbayuwayu Hawajafika

Glenys Ollerenshaw alisambaza barua hadi magoti yakagoma, lakini ukimuulizia pale kijijini Hardenby utasimuliwa habari za bwawa. Miaka nenda miaka rudi, yeye na Clive Tunnicliffe walilizunguka kila asubuhi lile shimo la zamani la mchanga lililojaa maji, darubini kifuani, wakitazama ndege. Hawakwenda kwingine. Ndege wa kwingine waliwaachia watu wa kwingine.

Machi hii alizunguka peke yake. Clive alikuwa amelala sebuleni kwake, ini limekwisha, na madaktari hawakuwa na la kufanya tena. Kila siku aliuliza jambo moja: mbayuwayu wamefika? Wale wadogo wa kahawia, watokao Afrika na kutoboa matundu kwenye kingo za mchanga. Kwa Glenys na Clive, mwaka ulianza siku ndege hao walipofika, si Januari.

Asubuhi hiyo upepo ulitoka kaskazini, na mvua yenye chembe za barafu ikamchapa usoni. Glenys alisimama hadi vidole vikafa ganzi. Juu ya maji hapakupita kitu.

Jean, mke wa Clive, alimfungulia, kisha akauegesha mlango wa sebule ili mgonjwa asisikie.

"Wamekuja?"

"Bado."

"Mwambie wamekuja."

"Jean, mama..."

"Jumapili hafiki, Glenys. Ndege wawili tu wa uongo. Utapungukiwa nini?"

Glenys alivua viatu vyenye tope. Mtu wa darubini hana shahidi ila neno lake, na neno la Glenys, Clive hakuwahi kulitilia shaka. Lakini Jean naye alikuwa amezeeka ndani ya wiki moja. Glenys akaingia sebuleni na uongo tayari mdomoni: wawili, upande wa mashariki, chini chini juu ya maji.

"Umechelewa, bibi posta," Clive alisema.

"Kwani una safari?"

"Ninayo." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Haya, sema."

Glenys aliyatazama macho yale ya manjano, yakimngoja kama alivyozoea kumngoja. Uongo ukamkwama.

"Hakuna, Clive. Hata mmoja. Upepo bado ni wa kaskazini."

Clive akafumba macho. Mlangoni, Jean akageukia ukuta.

"Basi sijakosa kitu," Clive akasema polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilidhani wamekuja mkanificha nisihuzunike. Huyu Jean tangu jana ananivalia uso wa sikukuu." Akavuta pumzi. "Bata je?"

Glenys akasogeza kiti na kuanza kumweleza bata. Jean alisikiliza amesimama, halafu akaja kuketi miguuni pa mumewe. Tangu aolewe hakuwahi kukanyaga kule bwawani.

"Bata gani hao?" akauliza.

Clive akamwambia.