Shuka Niliyotandika Kwenye Kiti cha Motokari

Admin, ficha jina langu, ingawa najua ni kazi bure, juu motokari kama yangu hapa Uvira iko moja tu, na nikitaja rangi yake nimejitaja. Wale mutakaonitambua, nyamazeni tu, tafazali. Niko mwanaume wa miaka 41, niko na bibi na watoto watatu, ninafanya biashara ya mafuta kati ya hapa na Burundi. Mungu amenisaidia. Lakini siku hizi nakula chakula hakishuki.

Mama alitulea na ndagala. Baba alikufa nikiwa mudogo, Mama akawa ananunua ndagala kwa wavuvi, anazianika, anazibeba na beseni kwa kichwa mpaka soko. Miye nilienda masomo Kasenga na shati lililokuwa linalala chumba kimoja na zile beseni. Wenzangu wakanipa jina, Ndagala. Nikiingia darasani wanashika pua. Kuna siku niliona Mama anakuja mbele na beseni yake, niko na wenzangu, nikageuka njia. Tangu wakati ule nilikuwa natafuta kitu ambacho hakuna mutu atakishikia pua.

Nikakipata. Wanaojua motokari za mbio watanielewa: iko chini mpaka magotini, milango inapanda juu, mashine iko nyuma ya mugongo wako, na viti ni viwili tu. Ilitoka Dubai, ikapita Dar es Salaam, ikaingia mupakani Kavimvira juu ya kamyo, na wenye kubadilisha pesa wakaacha meza zao wakaja kutazama. Bibi yangu aliniuliza, “Na watoto utawaweka wapi, mu kofre, kule kwa mizigo?” Ana haki, na lami nzuri hapa kwetu ni kipande tu. Lakini ninyi hamujaiwasha! Ukiiwasha unaisikia kifuani kabla ya masikio. Siku ya Mungu, watu wanatoka kanisa, nilipita nayo polepole, nakwepa mashimo kama mutu amebeba mayai, na watu wazima wakaacha maneno yao katikati. Mumoja wa wale walionishikia pua alikuja kuniomba apige foto pembeni yake. Nilimuacha apige. Kweli ya Mungu, nilifika nyumbani nikalia kwa furaha.

Sasa, kwetu kitu kipya kinaanzwa na muzazi. Ukijenga nyumba, mama ndiye anapika chakula cha kwanza. Ukinunua pikipiki, unamubeba yeye kabla ya bibi yako. Kwa hiyo wiki mbili niliendesha peke yangu, kiti cha pembeni kinamungoja Mama. Nikamuita atoke kwake Nyamianda, nikaalika wajirani na watu wa kanisa. Akaja amenawa mwili, amejipaka mafuta, amevaa kikwembe kipya cha kwaya. Ndagala ameziacha miaka mingi, jamani. Hakuwa ananuka kitu. Niliinua mulango, wamama wakapiga vigelegele, naye alipoinama aingie nikamuambia, “Ngoja kwanza, Mama.” Nikatandika shuka juu ya kiti.

Akauliza, na jina analoniita tangu utoto, “Hii ni ya nini, papa?”

Nilitaka kusema vumbi. Mungu anajua nilitaka kusema vumbi. Kinywa kikatoa, “Ni sababu ya ngozi ya kiti, Mama. Ni nyeupe, inashika harufu.”

Vigelegele vikakatika. Mama hakupandisha sauti. Alitoa ile shuka, akaikunja mara nne, akaiweka kwapani mwake. Akasema, “Weye nilikubeba mugongoni. Ulinikojolea, ukanitapikia. Sikutandika kitu.” Kisha akashika njia ya kwake kwa miguu, na kikwembe chake cha kwaya. Nilimufuata mpaka barabarani ninaita, hakugeuka.

Huu ni mwezi wa tatu. Nimeenda kwake na bibi yangu, tumepiga magoti. Mama anatukaribisha vizuri, anatupa chai, anauliza watoto wako namna gani. Nikianza kusema anasema, “Yamekwisha, papa.” Lakini kwangu hakanyagi. Nikamuambia nitaiuza. Hapo ndipo aliniangalia machoni. “Usiiuze. Uliitafuta sana. Miye najua ulikuwa unakimbia nini. Siku ile ulipogeuka njia, nilikuona.” Loo! Miaka yote ile alikuwa anajua, na aliendelea kunilipia masomo na zile zile ndagala. Nilitoka pale nimebeba viatu mukononi.

Juzi mudogo wangu wa kike alikuja na mufuko. Ndani kuna ile shuka, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vilevile mara nne. Akaniambia huku anaangalia chini, “Kaka, Mama anasema ameifua mara mbili. Anasema uinuse mwenyewe. Kama bado iko na harufu, umurudishie aifue tena.”

Niliinusa. Ni sabuni tu.

Bibi yangu anasema niuze motokari bila kumusikiliza Mama. Rafiki zangu wanasema wamama husahau, nivumilie. Na niseme ukweli juu munanificha jina: bado naipenda ile motokari, na ninajichukia kwa sababu hiyo. Naogopa nikiiuza nitakuwa nimeuza chuma tu, lile neno libaki palepale. Wiki ijayo mutoto wangu wa kwanza anapokea komunyo, na ameshaniuliza mara tatu kama nyanya yake atakuja kula kwetu. Kiti cha pembeni mpaka leo hakuna mutu ameketi.

Ninyi wenye mama zenu wangali hai, na ninyi wamama munaosoma hapa, nisaidieni. Neno kama lile linarudishwaje kinywani? Nianzie wapi?