Kadi ya Dada

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Kiziwi, kwa kuwa alichelewa kuitika. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Jina ndilo halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake, binti wa mama mkubwa, aliyemtangulia ugenini na kupata kibali cha kazi. Kibali kilikuwa kimoja na sura zao zilifanana, basi mdogo akawa anaingia kazini kwa kadi ya mkubwa.

Miaka minne alipiga pasi mashuka hadi viganja vikaota sugu. Alitia fora. Mwishowe akapewa barua ya sifa yenye muhuri, nayo ilimsifu dada, ambaye muda wote huo alikuwa nyumbani akilea wanawe na ambaye, tusifichane, hata gauni lake mwenyewe alikuwa akiliunguza.

Hatimaye kibali cha mdogo kikatoka. Akaacha kazi siku hiyohiyo, akapiga moyo konde, akaenda hoteli nyingine. Alichotaka ni kimoja tu: kufanya kazi kwa jina alilopewa na mama yake.

"Una uzoefu?" meneja alimuuliza.

"Ninao, mama."

"Karatasi iko wapi?"

Hakuwa nayo. Meneja, mwanamke mwenye haraka zake, akampa shuka ajaribu. Alipomaliza, yule mama alilipapasa pembe zote nne akakosa pa kulaumu.

"Nani kakufundisha?"

Angesema nini? Aseme kweli, wafukuzwe nchini wote wawili?

"Dada yangu. Amefanya miaka minne, na barua anayo."

"Basi mlete, natafuta msimamizi. Wewe utaanza kama mwanafunzi chini yake. Bila mtu wa kukuangalia sikuchukui."

Dada hakujivunga. Simlaumu sana, watoto wanakula. Lakini namlaumu.

Jumatatu asubuhi alisimama katikati ya mashine, amevaa koti la msimamizi, macho yamemtoka. Akamsogelea mdogo wake.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "hii inawashiwa wapi?"

Mdogo mtu akamwonyesha. Meneja alikuwa akipita. Aliwaona wameinamiana hivyo, akaridhika.

"Vizuri," alimwambia mdogo. "Msikilize dada yako, nawe siku moja utaweza."