Mkanda Ulioungua Haneti

Kaka yangu alifungua kamera yangu mchana kweupe, uani kwa mama mkubwa, kule Haneti, jua likiwa utosini. Naanza na hilo kwa sababu hata leo nikiikumbuka siku ile, kinachonijia kwanza ni tepu ikining'inia kwenye kidole chake.

Kamera yenyewe ilikuwa ya plastiki, kitu cha watoto kuchezea. Niliikuta mnadani kwenye rundo la midoli ya mtumba, na muuzaji alikuwa akiibonyezabonyeza, akidhani ni bastola ya maji, akitafuta maji yanatokea wapi. Mimi nafanya kazi kwenye duka la steshenari pale Kikuyu, mjini. Kutwa natoa fotokopi, nalamineti vyeti na kupiga pasipoti saizi, na kila mteja anaitazama picha yake kwenye kioo kabla hajanyanyuka, kisha anataka irudiwe. Nilitaka kitu ambacho hakuna mtu angeniambia nikirudie.

Ilivuja mwanga kila kona, nikaziba kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Mkanda wa picha nilioweza kuupata ulikuwa mwembamba kuliko nafasi yake, nikakata vipande vya sponji ya godoro nikaukaza juu na chini. Ilikuwa haioni vitu vya karibu, kwa hiyo nikabandika mbele yake kioo cha miwani ya kusomea iliyovunjika mkono. Ujanja niliojivunia zaidi ulikuwa kifuniko cha kopo la maziwa nilichokikata nusu. Nikifunika upande mmoja wa lenzi, napiga ule mwingine; halafu nageuza kifuniko, siuzungushi mkanda, napiga tena. Hapo watu wawili ambao hawajawahi kukaa pamoja wanakaa kwenye picha moja. Kusafisha mkanda nilisafishia bafuni, dirisha nimelitundikia blanketi, kwa kahawa ya unga, soda ya kufulia na vidonge vya vitamini C. Dawa ya kukazia picha isifutike tu ndiyo niliyoagiza Dar. Harufu yake sitaieleza.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyetulea mimi na kaka. Picha za simu hazitaki kabisa. "Mnanipiga, halafu mnanitembeza," husema. Alipoiona kamera ya plastiki akaigeuzageuza, akauliza, "Na hii inatembeza watu?"

"Haina pa kukutembeza, mama."

Akaingia ndani, akatoka na picha ya mama yangu ya studio, ndogo kama kiganja. Mama amesimama, mkono ameuweka kwenye mgongo wa kiti, hacheki.

"Unaweza kuniweka naye? Hatujawahi kupigwa pamoja."

Nikamwambia naweza, na ni kweli niliweza. Alivaa khanga yake mpya, akakaa kwenye kigoda kando ya mlango. Nilipofunika nusu ya lenzi na kuinua kamera, akaisalimia kwa sauti ya chini, "Mbukwa," kama anavyosalimia mgeni. Nikapiga. Kisha nikaibana picha ya mama kwenye ubao, nikapima umbali kwa uzi, nikageuza kifuniko na kupiga tena juu ya ile ile. Nikazungusha mkanda mbele. Tayari walikuwa wamekaa pamoja humo gizani, na nilikuwa na hakika.

Kaka alifika muda si mrefu na pikipiki, ameleta unga na dawa za presha za mama mkubwa. Yeye anauza spea za pikipiki mjini, na kwake kila kitu ni cha kufungua. Nilimwamkia, nikaenda jikoni kuwaletea chai. Niliporudi na sinia, kamera ilikuwa mapajani mwake, tepu inaning'inia kwenye kidole, mfuniko wa nyuma uko wazi.

"Kaka, unafanya nini?"

"Naangalia. Hiki kidude mbona kimefungwafungwa kama bomba linalovuja?"

"Funga. Funga sasa hivi."

Akafunga. Halafu akafungua tena, kuhakikisha kama kimefunga vizuri.

Sijui nilizuiaje sinia lile lisimwangukie. Nilimweleza kwamba kulikuwa na mkanda ndani, kwamba mwanga ukiingia picha zinaungua, na kwamba alikuwa ameziunguza mara mbili. Akaipekua kamera kwa macho, bado anatafuta picha zenyewe.

"Basi wapige tena," akasema. "Si picha tu?"

Mama mkubwa alikuwa bado kwenye kigoda, na khanga yake mpya. Akaniuliza, "Nimeungua?"

"Ndiyo, mama."

"Na dada?"

Nilimwekea mama mkubwa chai, ya kaka nikairudisha jikoni. Aliifuata mwenyewe, akainywa amesimama, akaondoka.

Niliusafisha mkanda ule hivyo hivyo, nikaichapa picha dukani. Upande wa mama yangu ulikuwa umesalimika: kiti, kiwiko, uso ule usiocheka. Upande wa mama mkubwa ulikuwa mweupe tangu kichwani hadi magotini, imebaki miguu na pindo la khanga. Aliyefariki ndiye aliyeonekana. Binti tunayefanya naye kazi dukani aliitazama akasema, "Jamani, imependeza, huo moshi umeufanyaje?" Nilimjibu vibaya, naye hakuwa na kosa. Kila kitu kwenye kamera ile nilikuwa nimekifanya kwa mikono yangu, na mtu alikuwa akinisifu kwa kile kimoja ambacho sikukifanya.

Niliporudi Haneti kumwomba mama mkubwa akae upya, nikakuta picha kubwa yenye fremu ya dhahabu ukutani. Kaka alikuwa ameichukua ile picha ndogo, akaipeleka mjini kwa vijana wa kompyuta pamoja na picha ya mama mkubwa aliyompiga kwa simu bila mwenyewe kujua. Dada wawili wamesimama shavu kwa shavu mbele ya maporomoko ya maji. Ngozi zimeng'arishwa. Mama yangu anacheka, na meno wamempa.

"Mama, huyu nani?" niliuliza.

"Mama yako, wamesema."

"Na wewe umeitundika."

"Kaka yako kaileta mwenyewe, juani. Ningemwambia nini?"

Nikaiomba ile ndogo. Akanitolea. Ilikuwa imelaminetiwa. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, najua ule moto unavyoifanya picha ya zamani: chini ya kidevu cha mama palikuwa pamefura lengelenge, na plastiki ile huwezi kuibandua bila kuondoka na sura. Nikampigia kaka pale pale.

"Umeilamineti picha ya mama."

"Ndiyo, isije ikaharibika."

"Imeharibika."

"Wewe hakuna unachoshukuru," akasema.

Mama mkubwa alikubali kukaa, ila alisema khanga mpya havai tena, na alikuwa na karanga za kubangua. Akaendelea kubangua. Plastiki ya picha ndogo ilikuwa inawaka kwa jua, nikaihamishia kwenye kivuli cha ukuta, nikatoboa kitambaa cheusi nikapitisha lenzi kwenye tundu ili mng'ao upungue. Ulipungua, haukwisha. Kwenye picha iliyotoka, mama mkubwa ameinamia ungo wake, na mama yangu amesimama pembeni, mstari mweupe umempita begani, lengelenge lipo chini ya kidevu. Sivyo nilivyokuwa nimekusudia. Mama mkubwa aliitazama muda mrefu, akaweka kidole juu yake. "Hapa yupo," akasema, akaenda kuihifadhi kwenye sanduku la nguo.

Ile ya maporomoko imebaki ukutani. Wageni wakiingia wanaisifu, wanauliza nani kaitengeneza, nami nakunywa chai yangu nikiwa nimeielekea.

Juzi kaka alinipigia nikiwa dukani.

"Nasikia umetoa nyingine. Nirushie kwenye simu."

"Hairushwi. Iko kwa mama mkubwa, nenda ukaitazame."

"Basi nipe huo mkanda, niwapelekee wale vijana waondoe hayo madoa."

Nilimwambia mkanda ule hataugusa mpaka nife, na nikifa nitakuwa nimeshasema uwekwe wapi. Akacheka, akidhani natania. Nikakata simu, nikamgeukia mteja aliyekuwa kwenye stuli anasubiri pasipoti saizi, nikamwambia kwa sauti ile ile anyanyue kidevu. Aliniuliza kama kuna kitu amenikosea.