Damu Iliyomrudishia Mume

Mwezi wa Ramadhani, mchana kweupe, Sabiha alijibanza nyuma ya jiko lake pale Kikuyu, akala kiporo cha wali huku anacheka peke yake. Hakuwa mgonjwa wala msafiri. Alikuwa mwezini, mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye damu yake ilikuwa imekatika zamani.

Ilipokatika, wifi yake Arafa, dada mkubwa wa mumewe, alimweka kitako akamnong'oneza: mwanamke aliyekoma hedhi akiendelea kulala na mumewe, uchafu hukosa pa kutokea, hukaa tumboni ukawa uvimbe. Arafa hakuwa na roho mbaya. Aliambiwa hivyo na mama yake, naye akaamini. Sabiha akabeba mto wake akahamia chumba cha binti yake Asma, aliyekwisha kuolewa. Mumewe, Jamaldini, alinung'unika kidogo, tena kidogo mno. Mwaka haukuisha akaoa mke mdogo Chemba, alikokuwa akinunua alizeti. Nyumbani akawa anakuja kama mgeni: anakula, anauliza hali, anaondoka.

Kwa hiyo damu iliporudi, Sabiha hakuona ugonjwa. Aliona mume.

"Wifi, umerudi ujanani!" Arafa alisema, akapiga kigelegele cha chini chini. "Mungu kakukumbuka."

Siku ya Idi Jamaldini alimkuta mkewe amepaka hina, amelala kitanda chake cha zamani. Akakaa, wala Chemba hakuitaja. Sabiha aliona haya kwa furaha aliyokuwa nayo, lakini alifurahi, na nani wa kumlaumu?

Damu ile haikuwa na adabu. Ilikatika, ikarudi nzito, ikaleta harufu. Arafa akasema ni ya miaka yote inajisafisha, aiache imalizike. Sabiha akajifukiza udi asubuhi na jioni, akamficha mumewe. Tusidanganyane, moyoni alijua. Kiuno kilimkata mpaka akakaa sakafuni, akajua, na akanyamaza kwa sababu Jamaldini alikuwa bado nyumbani.

Asma alipokuja kumsalimu akaiona kanga iliyolowa. Hakubishana naye, alimpeleka hospitali. Vipimo viliporudi daktari alimweleza taratibu kwamba ni saratani ya mji wa mimba, na imeshasambaa.

"Kukoma hedhi si ugonjwa, mama, wala hakumkatazi mtu mumewe. Damu kurudi baada ya kukoma, hiyo ndiyo ya kukimbilia. Ungekuja ilipoanza..."

Jamaldini akaenda Chemba, akawa anapiga simu tu. Sabiha akarudishwa nyumbani, na siku aliyopata nguvu kidogo alimwita Arafa, akamshika mkono, akamweleza yote aliyoambiwa. Awaambie na wenzake: damu ikirudi, waende hospitali siku hiyo hiyo. Arafa alilia kwelikweli.

"Nimesikia, wifi yangu."

Kisha akatoka uani, walikoketi wanawake waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Dirisha lilikuwa wazi.

"Alikwenda kwa miguu yake," Sabiha akamsikia akisema. "Wamemchokonoa huko, ugonjwa uliolala wakauamsha. Mimi mwenyewe damu imenirudia, mwezi wa pili huu, na hospitali siendi ng'o."

Sabiha akaita. Sauti haikufika hata dirishani.

"Usiende, dada," wanawake wakamjibu Arafa. "Kaa zako nyumbani."