Kaka Yangu Alimwambia Mzungu Hajui Kigogo

Bwana mwenye gazeti, nifichie jina na kijiji. Haya mengine yaache yasomwe na kila mtu, hata na yeye mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne kwa hesabu ya misheni ya Mvumi, walikonifundisha kusoma na Kiswahili. Nina mume, nina mtoto, na nina kaka mmoja tu, tumbo moja. Alichukuliwa mdogo akapelekwa shule kubwa ya serikali huko pwani, ile inayotoa makarani. Tulijisifu kwa majirani mpaka tukachukiwa.

Mnajua yanayosemwa huku kwetu juu ya vijana wa shule ile. Kwamba wakirudi hawasalimii wazee, ugali wa uwele unawakwaruza koo, wanapangusa kigoda kabla ya kuketi, na lugha ya mama zao wameisahau. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Reli ilipofika Dodoma kaka akarudi, karani wa boma, Kijerumani kinamtoka kama maji. Nyumbani hakuja. Tulisikia anaitwa Bwana Salimu, na kwamba anasema yeye ni mzaliwa wa pwani, ukoo wa Kiarabu. Mama akasema, "Ana kazi nyingi. Atakuja."

Kisha baba akashtakiwa kwa kuvusha ng'ombe kwenye reli, mahali palipokatazwa. Nilimfuata bomani. Tulipoingizwa ndani, aliyesimama kando ya meza ya Bwana Mkubwa, Mjerumani mwenye boma, alikuwa kaka. Uso wa baba ulichangamka, akamwita kwa jina la nyumbani, "Ndahani, mwanangu!"

Bwana Mkubwa akauliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Huyu anasema nini?"

Kaka akatazama ukutani. "Sijui, Bwana. Mimi mtu wa pwani. Kigogo sikijui."

Basi akaitwa askari mmoja Mnyamwezi, mwenye Kigogo cha sokoni. Baba akaeleza kwamba cheche za gari moshi ziliunguza malisho ya upande wetu, ng'ombe walikuwa wanakufa, na kwamba hatarudia. Askari akasema kwa Kiswahili, "Anasema gari lenu limemuunguzia nyasi, kwa hiyo atapita tu." Kaka aliyasikia yote mawili. Aliyaelewa yote mawili. Akayageuza yale ya askari kuwa Kijerumani, wala sauti haikumtetemeka. Nikapiga kelele, "Sivyo alivyosema!" Nikasukumwa nje kwa kitako cha bunduki, na nikiwa nje nikasikia baba akichapwa. Fimbo zilikuwa ishirini na tano, kama kawaida yao.

Njiani nilimwambia, "Baba, narudi kumwambia Bwana Mkubwa yule ni nani."

"Usirudi," akasema. "Mwanangu alipotelea pwani. Yule ni karani."

Hakumtaja tena. Pombe ya wazee wenzake aliacha kuiendea, akawa anakaa peke yake zizini. Mvua zilipoanza tukamzika. Kaka hakuja.

Mama alizidi kumtetea. "Si yeye, ni ile shule. Wote wanaopita pale huwa hivyo. Sijui waliwalisha nini." Na mimi nikalishika neno hilo, maana lilinipumzisha. Nikawa namwonea huruma kama mtu aliyerogwa.

Mpaka alipohamishiwa kituoni karani wa simu, kijana wa Busi, kule Kondoa. Amesoma shule ileile, darasa moja na kaka. Alikuja kwetu kutafuta maziwa. Akavua viatu mlangoni, akamwinamia mama, akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mama." Akaketi juu ya ngozi, akala ugali wa uwele kwa mlenda, akaomba aongezewe.

Mama akamuuliza, "Mwanangu, kule shuleni waliwasahaulisha kwenu?"

"Darasani tulichapwa tukisema lugha zetu, ndiyo. Lakini bwenini kila mtu alizungumza na wa kwao, na wengi tulilia kwa kukumbuka nyumbani. Wako waliotoka na majivuno, mama, siwezi kukataa. Na wako waliotoka kama walivyoingia."

Mimi nilitoka nje. Kumbe hakurogwa na mtu! Aliyefanya vile ni yeye, kwa akili zake timamu. Tangu siku ile nataka alipe.

Sasa mwezi wa mfungo ukiisha anaoa binti wa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu wa heshima. Amewaambia wakwe zake kwamba wazazi wake walikufa zamani. Nimepanga hivi: wageni wakishajaa, sinia za pilau zikianza kupita, mama aingie na kaniki yake, masikio yake yaliyotogwa na mafuta yake ya samli, amwite Ndahani. Nataka nimwone anavyotoka jasho. Nataka wakwe wamuulize huyu bibi ni nani, na ajibu kwa lugha yoyote anayoijua.

Mume wangu anasema, "Utamvunja na yule binti, naye hana kosa." Mimi nasema heri ajue leo kuliko kesho.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Ili mama akubali, nilimdanganya kwamba Ndahani amemwalika. Nilidhani atakasirika. Alilia kwa furaha, ndugu zangu. Ameazima shanga kwa jirani, anakusanya samli ya kumpelekea mkwewe, na kila apitaye njiani anaambiwa kwamba mwanawe amemkumbuka. Nikimpeleka, atakanwa mbele ya umati. Nikimzuia, itabidi nimwambie kwa kinywa changu kwamba hakuna aliyemwita.

Na bado nataka kwenda. Hata sasa ninapoandika, nataka kwenda. Ninyi mnaosoma, wenye mama na wenye kaka, nishaurini. Nifanye nini?