Redio ya Dar Nyumbani Umoja

Safari hii aliiagiza mama. Muda wote mpaka wa Tanzania na Kenya ulipokuwa umefungwa, redio yetu ya Dar ilimweleza kwamba Kenya ni nchi ya manyang'au, asiye na pesa huachwa afe njaa. Dada yangu Ndeshi alikuwa ameolewa Nairobi, na barua zake zilikuwa haziji. Mpaka ulipofunguliwa, mama alinifungia mfuko wa unga akasema, "Usirudi bila yeye."

Nilitoka Moshi alfajiri. Namanga, ofisa wa forodha aliutazama ule unga, kisha akanitazama mimi.

"Unapeleka unga Kenya?"

Akacheka, akanigongea muhuri.

Umoja, mtaa wa dada kule Nairobi, nilifika jioni. Nyumba za mtaa ule zinafanana kama mapacha, nikabisha hodi kwa watu nisiowajua kabla ya kumpata Wekesa, mume wa dada, mfanyakazi wa kiwandani.

"Karibu, shemeji. Si mnasema sisi ni manyang'au? Kuja uone meno yangu."

Kwenye kitanda changu walikuwa wameniwekea miche ya sabuni. "Redio yetu inasema huko kwenu sabuni hakuna," alisema Wekesa. Nilitaka kubisha, lakini shati nililovaa lilifuliwa kwa majani ya mpapai.

Baada ya ugali, Wekesa aliitafuta Dar kwenye redio. Nilidhani anamfurahisha mgeni. Dada akatoka jikoni, mikono ina povu, akasimama kando ya redio hadi matangazo ya vifo yakaisha. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba mama ni mzima, lakini alisikiliza mpaka jina la mwisho, kisha akarudi kwenye vyombo.

"Kila jioni ni hivyo," Wekesa aliniambia. "Anasikiliza ajue kama mama yenu bado ako." Niliona uchungu.

Asubuhi nilimfikishia dada agizo la mama.

"Hapa ndipo kwangu, mdogo wangu. Mwambie sirudi. Ila siku yake ikifika, tangazeni jioni, niwahi kuja kumzika. Mchana Dar haishiki huku."

Nilirudi Moshi peke yangu. Njiani niliwaza jinsi serikali mbili zilivyogombea masikio yetu kwa matusi, na dada yangu katikati ya kelele zote hizo akitega sikio asikie jina moja tu.

Mama nilimweleza yote, hata hilo la tangazo, nikijua atanigombeza. Aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Na redio ya Nairobi," akauliza, "vifo hutangaza saa ngapi?"